Buibui wa ndani: angalia kwanza mayai yake

Wakuu, juzi napanga kuni stoo hapa Uyole nimejifunza kitu, ukikuta buibui usihangaike na rangi yake, mulika na tochi ya simu uangalie kifuko cha mayai kwenye utando. Kikiwa kiduara cha rangi ya maziwa chenye vimiba miba pande zote, huyo ni buibui wa kahawia mwenye sumu, Kiingereza wanamwita brown widow, geuza macho chini ya tumbo utaona alama ya chungwa kama pembetatu mbili zimegusana ncha. Inasaidia kwa sababu rangi ya mwili inabadilika sana, wapo weupe weupe na wapo karibu weusi, ila mayai ya vimiba hayabadiliki. Anapenda chini ya viti vya plastiki, ndoo, nyuma ya mlango wa choo cha nje. Yule bapa anayekimbia ukutani mayai yake ni kama sarafu nyeupe imebandikwa, na wa miguu mirefu wa kwenye kona anabeba mayai mdomoni, hao waacheni wale mbu. Njia hii inagoma kwa dume au mdogo maana hawana mayai, hapo kagua tumbo tu na usimshike, mara nyingi anauma akibanwa, kwa hiyo kung'uteni viatu na nguo za shamba. Akikuuma osha kwa sabuni weka kitambaa cha maji baridi, maumivu yakisambaa au misuli ikikaza nenda hospitali, mtoto mdogo msisubiri kabisa.