Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutuma Makala kwa Jarida la Usalama wa Kimataifa

Makala nyingi zinazotumwa kwa majarida ya usalama wa kimataifa hukataliwa na mhariri mwenyewe kabla hazijafika kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoitathmini makala kwa niaba ya jarida, na mara nyingi sababu si lugha wala mpangilio wa marejeleo, bali ni uamuzi ambao mwandishi aliufanya, au aliupuuza, miezi mingi kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Yapo makosa ambayo mhariri anaweza kumwelekeza mwandishi ayasahihishe. Yapo mengine, hasa yanayohusu ridhaa ya waliohojiwa, usiri na asili ya data, ambayo yakishatokea hayana dawa. Maelezo haya yanaegemea zaidi hayo ya pili.

Hata hivyo, la kuanza nalo ni swali lenyewe, kwa kuwa mada peke yake haitoshi. Anayesema kwamba anaandika kuhusu uharamia wa baharini karibu na Somalia ametaja mada tu. Anayeuliza kwa nini mashambulizi ya maharamia, yaliyofikia kilele mwaka 2011, yalipungua sana mwaka uliofuata, ameuliza swali lenye majibu yanayoshindana. Wapo wanaoona sababu ni doria za majeshi ya majini, ikiwemo operesheni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Desemba 2008. Wapo wanaotaja walinzi wenye silaha waliopandishwa melini, au mbinu za manahodha za kuongeza mwendo na kuzungushia meli seng'enge. Na wapo wanaotazama mabadiliko ya siasa za nchi kavu, kule ambako meli zilizotekwa zilitia nanga zikisubiri fidia. Kusema kwamba yote hayo yalichangia ni kulikimbia swali. Jarida linataka kujua ni sababu ipi iliyobeba uzito mkubwa zaidi, ni ushahidi gani ungeikanusha, na mtafiti wa uharamia wa eneo jingine atatoka na nini. Mwandishi ambaye hawezi kulieleza jibu lake kwa sentensi mbili bado hajafika hatua ya kutafuta jarida.

Akishafika hatua hiyo, alichague jarida kabla ya kumaliza kuandika, maana majarida ya fani hii hayafanani hata kidogo. International Security, linalotoka mara nne kwa mwaka tangu 1976 chini ya kituo cha Belfer cha Chuo Kikuu cha Harvard, hupenda makala ndefu zenye tanbihi nyingi, zinazounganisha nadharia na sera. Journal of Peace Research, lililoanzishwa mwaka 1964 na lenye makao katika taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo, huchapisha kwa wingi tafiti za kitakwimu na huwataka waandishi waweke wazi data zao ili wengine waweze kurudia hesabu zile zile. Security Dialogue, ambalo nalo ni la taasisi hiyo hiyo, huzipokea zaidi kazi za mkabala wa kihakiki, zinazohoji jinsi jambo fulani linavyogeuzwa kuwa suala la usalama na nani ananufaika. Survival, la taasisi ya mikakati ya London, lina insha fupi za mjadala wa sera. Foreign Affairs lina wasomaji wengi kuliko yote hayo, lakini halina utaratibu wa kupitiwa na wataalamu wasiojulikana kwa mwandishi, kwa hiyo anayehitaji chapisho la kumpandisha cheo chuoni alijue hilo mapema. Njia ya uhakika ya kulijua jarida ni kusoma matoleo yake ya miaka miwili au mitatu ya karibuni na kujiuliza kama makala yako inajibizana na yeyote kati ya waliochapishwa humo. Usipompata wa kujibizana naye, huenda umebisha hodi kwenye nyumba isiyo yako.

Kuhusu data, jambo linalowakwaza wengi ni kuazima takwimu bila kusoma namna zilivyohesabiwa. Mradi wa data za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala huutambua mgogoro wa kivita unaohusisha serikali pale tu mapigano yanapoua watu wasiopungua 25 katika mwaka mmoja wa kalenda, huku mradi wa Correlates of War, ulioanzishwa na J. David Singer katika Chuo Kikuu cha Michigan, ukitumia kiwango cha vifo 1,000 vya vitani ili tukio liitwe vita. ACLED, mradi mwingine wa data za migogoro, kwa upande wake hurekodi tukio moja moja, yakiwemo maandamano ambayo hayakuua mtu yeyote. Mtu akichukua mstari wa grafu kutoka chanzo kimoja na kuulinganisha na wa chanzo kingine kana kwamba vyote vinapima kitu kimoja, mpitiaji ataiona kasoro hiyo katika ukurasa wa kwanza wa majedwali. Vivyo hivyo kwa takwimu za uhamishaji wa silaha za SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm: kipimo chake hakionyeshi fedha zilizolipwa, bali kiasi cha uwezo wa kijeshi uliohama kutoka nchi moja kwenda nyingine, na bado si ajabu kukuta andiko limekinukuu kama bei ya mauzo. Andika mapema, katika daftari la utafiti na kisha katika sehemu ya mbinu, ni toleo gani la data ulilolipakua na tarehe gani, kwa kuwa miradi hii hurekebisha takwimu zake za nyuma, na hesabu ya leo inaweza isilingane na ile utakayoombwa kuithibitisha baada ya mwaka.

Sehemu nzito kuliko zote ni ile ya watu wanaohojiwa. Kibali cha kamati ya maadili kinapaswa kupatikana kabla ya mahojiano ya kwanza. Majarida mengi huuliza namba yake wakati wa kutuma makala, na kamati hazina desturi ya kuhalalisha mahojiano yaliyokwisha kufanyika. Lakini kibali ni karatasi. Swali gumu ni lile la ahadi: unamwahidi nini askari, mwasi wa zamani au afisa wa usalama anayekubali kuzungumza nawe, na je, una uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo?

Mkasa wa Boston College unafaa kusomwa na kila anayepanga utafiti wa aina hii. Kati ya mwaka 2001 na 2006 watafiti waliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili za mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, kwa makubaliano kwamba kanda hizo zingefungiwa katika hifadhi ya chuo na kutofunguliwa hadi mzungumzaji afariki. Mwaka 2011 wapelelezi wa Uingereza, wakitumia mkataba wa kusaidiana kisheria na Marekani, walizitaka baadhi ya kanda hizo kwa ajili ya uchunguzi wa mauaji ya mwaka 1972. Chuo na watafiti walipinga mahakamani, na sehemu ya kanda zikakabidhiwa. Katika nchi nyingi mtafiti hana kinga kama aliyonayo wakili kwa mteja wake, na hati ya ridhaa inayoahidi usiri usio na mipaka imeahidi kitu ambacho sheria huenda haikitambui. Ni heri hati iseme waziwazi kwamba usiri utalindwa kadiri sheria inavyoruhusu, na mtafiti aamue mapema ni mambo gani hataki kabisa kuyasikia. Mara nyingi ulinzi bora kuliko programu yoyote ya kusimba mafaili ni kutouliza swali linalomfanya mtu akiri kosa la jinai, na kutokuwa na orodha ya majina tangu mwanzo.

Kuficha jina peke yake hakumfichi mtu. Chukua maelezo ya kawaida ya chanzo cha nukuu: afisa mwandamizi wa kike, mwenye umri wa miaka 52, aliyehudumu katika kituo kile kile cha mpakani tangu 2009. Hakuna jina hapo, ila kila aliyewahi kufanya kazi katika kituo hicho ameshamjua. Ukiondoa umri na mwaka, bado jinsia na cheo vinaweza kutosha, ikiwa wanawake wa cheo hicho ni wachache. Kazi ya kupunguza taarifa ifanywe mtafiti akiwa amekaa na orodha nzima ya wahojiwa mbele yake, akijiuliza mwenzake wa ofisini au jirani yake angetambua nini, maana msomaji wa mbali si wa kuhofiwa sana. Na pale jarida linapodai data ziwekwe wazi, zungumza na mhariri kabla ya kutuma. Wahariri wa fani hii wanafahamu kwamba nakala za mahojiano na wapiganaji si sawa na jedwali la bajeti za ulinzi, na wengi hukubali maelezo ya kina ya mbinu badala ya nakala zenyewe, mradi ombi lije na sababu na lije mapema.

Usalama wa mtafiti mwenyewe nao una historia yake. Matthew Hedges, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Durham aliyekuwa akichunguza sera za usalama za Umoja wa Falme za Kiarabu, alikamatwa Dubai Mei 2018 alipokuwa akiondoka, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa ujasusi mwezi Novemba, kisha akasamehewa siku chache baadaye. Maswali ambayo kwa mwanataaluma ni ya kawaida, kama idadi ya vikosi, mpangilio wa uongozi au mikataba ya silaha, kwa afisa wa upelelezi yana sura nyingine kabisa. Pata vibali vya nchi unayokwenda kwa maandishi, mwachie mtu ratiba yako, na usivuke mpaka ukiwa na nakala zote za mahojiano ndani ya kompyuta moja.

Kwa aliyewahi kuajiriwa jeshini, katika idara ya upelelezi au wizara ya ulinzi, kuna hatua ya ziada: mikataba mingi ya kazi hizo humtaka apate idhini kabla ya kuchapisha, hata miaka mingi baada ya kuondoka. Idhini hiyo huchukua muda na haiharakishwi kwa kuambiwa kwamba jarida limeweka tarehe ya mwisho. Nyaraka za siri zilizovuja ni suala gumu vilevile; kwamba zinapatikana mtandaoni haimaanishi kwamba zimeacha kuwa siri kisheria, na ni vyema kumwuliza mhariri msimamo wa jarida kabla hoja nzima haijajengwa juu yake.

Upo pia ujuzi ambao haukuibwa popote na bado unaweza kudhuru. Desemba 2011 bodi ya ushauri ya usalama wa kibiolojia ya Marekani ilipendekeza kwamba tafiti mbili kuhusu virusi vya mafua ya ndege vya H5N1, moja ya Ron Fouchier na nyingine ya Yoshihiro Kawaoka, zichapishwe bila baadhi ya maelezo ya kitaalamu, kwa hofu ya matumizi mabaya. Baada ya mabishano ya miezi kadhaa zote mbili zilichapishwa mwaka 2012. Anayeandika kuhusu udhaifu wa miundombinu, silaha za kikemikali au mashambulizi ya mtandao ajiulize kama hoja yake inahitaji kila hatua ya kiufundi aliyoiandika. Kwa maoni yangu, mara nyingi haihitaji. Maelezo hayo huwekwa ili mwandishi aonekane anajua.

Matayarisho ya andiko lenyewe ni mepesi kwa kulinganisha, ingawa ndiyo yanayopewa nafasi kubwa katika warsha. Ondoa jina lako katika maandishi na pia katika sifa za faili, ambamo programu ya kuandikia huliacha bila kukuuliza, na usiandike "kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya awali" wakati majina yanatakiwa kufichwa. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, imeeleza kwamba zana za akili mnemba haziwezi kuorodheshwa kama mwandishi, na majarida mengi hutaka matumizi yake yatajwe. Jambo zito zaidi ni kwamba kuingiza nakala ya mahojiano ya siri katika zana ya aina hiyo kunaweza kuwa sawa na kuikabidhi kwa mtu wa tatu. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Ada nayo iulizwe kabla. Uchapishaji huria, ambao makala husomwa na yeyote bila malipo, unaweza kumgharimu mwandishi fedha nyingi, lakini majarida kadhaa makubwa ya fani hii huchapisha bila malipo kwa mwandishi anayekubali makala isomwe na waliojiunga tu, na wachapishaji wengi wana msamaha kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo, msamaha ambao kwa kawaida huombwa wakati wa kutuma na si baada ya kukubaliwa. Jarida linaloahidi majibu ya wapitiaji ndani ya siku chache na kukutumia ankara siku hiyo hiyo liepukwe. Orodha ya majarida huria ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, ni mahali pazuri pa kulihakiki jarida huria.

Mwishowe panga muda. Majibu huchukua miezi, na jibu la kawaida kwa makala nzuri ni kutakiwa kuirekebisha na kuirudisha. Kwa hiyo usitume makala wiki moja kabla ya kwenda uwandani kusiko na mtandao, na weka mafaili ya data na amri za hesabu katika hali ambayo utazielewa mwenyewe baada ya nusu mwaka. Barua ya majibu ichukue kila hoja ya mpitiaji kwa zamu, ioneshe ukurasa uliobadilishwa, na ieleze bila ukali pale ambapo hukubaliani. Wapitiaji wawili wakivutana, mmoja akitaka sura ya nadharia irefushwe na mwingine akitaka iondolewe, usijaribu kuwaridhisha wote wawili. Mwandikie mhariri kabla hujaanza marekebisho, umweleze njia unayokusudia kuifuata, na usubiri jibu lake.