Namna ya kutumia neno "uneasy" bila kulichanganya na "si rahisi"

Jioni nafundisha Kiingereza barazani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Wengi wanaokuja ni vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, na kuna kosa moja nakutana nalo karibu kila wiki.

Binti mmoja aliandika kwenye barua yake ya maombi: "The work was uneasy but I finished it." Alitaka kusema kazi haikuwa rahisi. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika "difficult" juu yake, nikafunga daftari. Sababu sikumweleza. Wiki mbili baadaye akalirudia neno lilelile mbele ya jopo la usaili. "Mwalimu," akaniambia, "niliona wanatazamana." Nilijua kosa lile ni langu, kwa hiyo tangu siku hiyo nafundisha hivi.

Hatua ya 1: Anza na "ease", uache "easy" ya mtihani

Shuleni tunafundishwa kwamba "un-" hugeuza neno: happy, unhappy, fair, unfair. Basi tunapiga hesabu: easy ni rahisi, kwa hiyo uneasy ni ngumu. Tatizo ni kwamba "easy" ina sura mbili. Imetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya raha, mwili na moyo kutulia. Waliopita JKT, Makutupora au kwingineko, wanaijua amri ya "mguu pande". Kwa Kiingereza ni "stand at ease". Kwenye mguu sawa umekakamaa. Ukisikia mguu pande, unapumua. Huko kupumua ndiko "ease". Mtu aliye "uneasy" ni yule ambaye moyo wake bado haujaambiwa mguu pande.

Hatua ya 2: Tafuta Kiswahili chake unachokisema kila siku

Sisi husema "sina amani na jambo hili". Hapo ndipo penyewe. Chukua mfano wa kiwanja. Mtu anakuuzia kiwanja Nala kwa bei ya chini, hati anasema ataileta kesho, na huku anakuharakisha ulipe leo. Kosa hujaliona bado, ila machale yanakucheza. Sema: "I feel uneasy about this plot."

Ukija kusikia kwamba kuna mwingine anakidai kiwanja hichohicho, sasa sababu unayo mkononi: "I am worried." Viganja vikitoka jasho nje ya mlango wa usaili, hapo ni "nervous". "Anxious" ni nzito zaidi, ile hofu inayokunyima usingizi. "Uneasy" ni wasiwasi wa chini chini, mara nyingi usioweza hata kuueleza vizuri.

Hatua ya 3: Jiulize, nani au nini hakina utulivu?

Mara nyingi ni mtu: "His silence made me uneasy." Lakini hali nayo inaweza kukosa utulivu. Fikiria wakulima na wafugaji waliokwisha kusuluhishwa, wanasalimiana vizuri tu, ila huyu bado anachungulia shamba lake kila jioni na yule anahesabu ng'ombe wake mara mbili. Hiyo ni "an uneasy peace". Wote wakikaa kimya kikaoni na hakuna anayetaka kuanza, ni "an uneasy silence".

Mtihani, mlima, hesabu, barabara mbovu: hivyo vyote ni "difficult" au "not easy". Ukishuku, weka "isiyo na amani" mahali pa neno hilo. "Hesabu isiyo na amani"? Haiingii. Liache.

Hatua ya 4: Maneno ya kuambatana nalo

Kwa jambo linalokutia shaka tumia "about": "uneasy about the journey". Kwa mpango au hali usiyoiafiki moyoni, "with": "uneasy with the arrangement". Mbele yake weka "an", kwa kuwa linaanza na sauti ya "a". Ni tofauti na "a university", inayoanza na sauti ya "yu". Litamke an-II-zi, "s" ikisikika kama "z". Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengi, kwa hiyo ulimi hautakusumbua.

Hatua ya 5: Tunga sentensi 3 za maisha yako

Usinakili zangu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Februari mawingu yakikatika huku mtama ukiwa kiunoni, kila nyumba ina sentensi yake. Yule binti alirudi na hii: "My mother looked uneasily at the sky." Hiyo "uneasily" sikuwa nimemfundisha.