Mayai ya nyoka si ya kuku: ya kuweka sawa kabla ya kutotolesha mara ya kwanza

Nilipomwambia fundi wa mashine za vifaranga, nyuma ya soko la Kilombero hapa Arusha, kwamba natafuta mashine ndogo ya mayai ishirini, hakusubiri nimalize. "Kaka, hii ukiwasha inajiweka thelathini na saba na nusu, na inageuza yenyewe kila saa mbili. Kazi yako kuongeza maji tu." Kwa kuku hakukosea hata neno. Kwa mayai ya nyoka wa mahindi (corn snake) ninayemfuga, mashine ile ni sufuria. Joto hilo huua viini, yaani watoto wanaoanza kuumbika ndani ya yai, na kile kitakachosalimika na joto kitamalizwa na kugeuzwa.

Shida yetu ndiyo hiyo. Karibu kila tunachokijua kuhusu mayai tumefundishwa na kuku, na hapa kuku anapoteza watu. Kwa hiyo anza maandalizi kwa kusahau. Siku 21 zisahau, huku ni kama 60. Kugeuza sahau, na kuatamia pia: jike wa nyoka wa mahindi akishataga huondoka zake, wala harudi kuyatazama.

Jina lake lisikuchanganye, mahindi hayagusi. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, hana sumu, na panya humkaba ndipo akammeza. Wengine husema aliitwa hivyo kwa kuonekana kwenye maghala ya nafaka akifuata panya, wengine kwa tumbo lake lenye madoadoa kama gunzi la mahindi ya rangi mchanganyiko. Huku kwetu ni mgeni kabisa, na ugeni wake ndio unaoleta swali la kwanza, ambalo halihusu joto wala unyevu: hao watoto utawapeleka wapi? Jike mmoja hutaga mayai 10 hadi 30. Kisome tena kibali chako cha kumfuga, uende ofisi ya wanyamapori uulize kama kinagusa na watoto, na ufanye hivyo kabla yai la kwanza halijatoka. Kuwaachia porini kando ya mto Themi ni marufuku hata kuwazia. Visiwa vya Cayman vilipata nyoka hawa kwa mikono ya watu na sasa wanazaliana huko wenyewe. Ukiona huna pa kuwapeleka, mayai yatie kwenye friza siku ile ile yaliyotagwa, yagande kabla kiini hakijakua. Si jambo la kuonea haya. Na kama unafuga jike peke yake, bado soma haya, kwa sababu jike anaweza kutaga hata asipoona dume, japo mara nyingi mayai hayo hayatatoa kitu.

Sasa jike mwenyewe. Asipandishwe kabla ya kufikisha miaka mitatu na gramu 300 hivi, maana akiwa mdogo mayai humkwama tumboni, na kukwama huko huua. Tafuta mapema daktari wa mifugo aliye tayari kumshika nyoka. Wengi ni mabingwa wa ng'ombe na mbwa, ukimtajia nyoka anakuuliza kama unatania. Ukishaona ametaga mawili matatu kisha akasimama, siku ya pili inakatika na tumbo bado lina uvimbe, mpigie.

Kutoka kupandwa hadi kutaga ni mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Atakataa chakula, sehemu ya nyuma ya tumbo itajaa, halafu atajivua gamba. Tarehe ya gamba hilo iandike mahali utakapoiona kila siku, kwani wengi hutaga kati ya siku ya 7 na ya 14 baada yake. Wangu alijivua Jumapili, akataga Jumatano ya wiki iliyofuata.

Kabla ya hapo awe na pa kutagia. Kopo la plastiki lenye mfuniko na tundu linalomtosha, ndani limejaa nusu kokopiti yenye unyevu, linatosha kabisa. Kokopiti ni yale makumbi ya nazi yaliyosagwa ambayo wakulima wa nyanya wa Tengeru huoteshea miche, na maduka ya pembejeo yanayo. Chota kiganja ukamue: ikitoa matone umezidisha maji, ikimwagika kama vumbi umepunja. Bakuli kubwa la maji liondoe, uweke dogo ambalo haingii, la sivyo anaweza kutaga humo humo na mayai yakazama.

Mashine ya kutotoleshea nakushauri utengeneze mwenyewe. Chukua kuli boksi, ile ya kubebea soda za harusi, uweke ndani chupa nne tano za maji zilizojaa, balbu ndogo ya zamani inayotoa joto na iliyofunikwa na kopo la bati lenye matundu, na kidhibiti joto cha dijitali, kile kile cha mashine za vifaranga. Kiweke nyuzi 28. Ikicheza kati ya 26 na 29 usihangaike. Ikigusa 32 una tatizo, kwani hapo watoto huanza kuzaliwa na migongo iliyopinda au kufia ndani ya yai. Ubaridi wa saa chache huchelewesha tu, joto kali ndilo muuaji, ndiyo maana umeme ukikatika usikimbilie jiko la mkaa. Chupa zile za maji hutunza joto kwa muda, na umeme ukichelewa sana, badilisha mbili kwa chupa za maji ya moto ulizozifunga kwenye taulo.

Hapa pia mji una neno. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 15, hivyo balbu itafanya kazi usiku kucha na umeme ndio wasiwasi wako. Moshi iko chini zaidi, na alasiri za Februari hupita nyuzi 30. Kidhibiti kinaweza kuzima balbu lakini hakiwezi kupoza chumba. Kwa mtu wa Moshi ningesema tafuta kwanza chumba chenye ubaridi, boksi litafuata.

Boksi liwashe wiki nzima kabla ya yai lolote kuingia. Nasema hivi kwa sababu usiku wa tatu wa majaribio yangu, ile waya yenye kihisi ilichomoka ikaning'inia nje ya boksi. Kihisi kikapima baridi ya sebuleni, kikaamini ndani kuna baridi, balbu ikawaka hadi asubuhi. Nilipofungua nilikuta nyuzi 36 na vikombe viwili vya maji vyenye uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Vingekuwa mayai, mwaka ungeishia pale. Tangu siku hiyo waya naifunga kwa utepe wa gundi mara mbili, na kipimajoto cha pili kinalala pembeni ya mayai. Usijaribu kutumia kile cha kupimia homa. Cha zebaki huanzia nyuzi 35, hakitakuambia kitu.

Mayai yenyewe yatakaa ndani ya kontena dogo la plastiki lenye mfuniko, juu ya vermikulaiti, zile punje nyepesi za madini zinazofyonza maji, nayo utaipata huko huko kwenye pembejeo. Changanya na maji kwa uzito: gramu 100 kwa gramu 100, kwenye mizani ya jikoni. Kwa vikombe utakosea, kwani kikombe cha vermikulaiti ni chepesi kama popkoni. Toboa matundu mawili matatu madogo, basi.

Siku ya kuyatoa, mwache amalize kwanza. Utamjua: mwili umenywea, ngozi imelegea ubavuni, na yeye kajikunja juu ya mayai. Mwinue taratibu kuanzia katikati, maana hata mpole anaweza kuuma siku hiyo. Kisha penseli, siyo kalamu ya wino. Kabla hujanyanyua yai, weka alama ndogo ya msalaba juu kabisa, na alama hiyo ibaki juu hadi mwisho. Ndani ya siku moja hivi kiini hujishika upande wa juu wa ganda. Ukilipindua yai baada ya hapo unakizamisha. Yaliyogandana yaache yalivyo. Usiyaoshe. Yachimbie nusu, nusu ibaki nje. Yale madogo ya njano, magumu kama nta, ni viza, yakijitenga yatupe. Kwa yanayokutia shaka, subiri siku tano, zima taa, umulike na tochi ya simu bila kulitoa yai mahali pake. Ukiona utando wa mishipa myekundu, lina uhai. Halafu nawa mikono kwa sabuni, kila mara.

Mama mwenye nyumba wangu alinikuta nikimulika. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, macho kwenye kontena. "Mwanangu, hayo ya bata mbona marefu hivyo?" Sikumdanganya. Alirudi nyuma hatua mbili, akauliza kama mfuniko unafungwa. Mweleze mwenye nyumba, na dada wa kazi pia, kabla hawajagundua wenyewe, kwa sababu ufagio wa mtu aliyeshtuka hauulizi sumu. Jike naye mkumbuke: amepoteza uzito mwingi, mpe chakula kidogo kidogo cha karibu karibu.

Kusubiri hakuna mengi. Fungua mfuniko mara moja kwa wiki hewa ibadilike, na matone ya mfunikoni yafute yasidondokee mayai. Yakibonyea wiki za mwanzo, ongeza maji pembeni, kamwe siyo juu yake. Yakibonyea mwishoni, karibu siku ya 55, ni dalili njema. Mtoto hupasua ganda kwa kijino cha puani, hutoa kichwa, kisha anaweza kukaa hivyo siku nzima au mbili akimalizia kiini cha njano. Usimvute.

Wengi hujiandaa hadi hapo tu, wakasahau chakula. Mtoto hutoka na sentimita 20 hadi 30, hujivua gamba baada ya wiki moja hivi, ndipo huanza kula: kitoto kimoja cha panya mweupe wa aina ndogo, cha siku moja mbili, bado hakina manyoya, kila siku tano hadi saba. Duka la kuuza hivyo sijawahi kuliona Arusha. Panya hubeba mimba kama wiki tatu, kwa hiyo ukihesabu kurudi nyuma, majike wa panya wawe wameshapandishwa ifikapo siku ya 46 ya mayai, na wawe watatu au wanne, si mmoja. Mimi nilikumbuka siku ya 57, nikabaki na watoto kumi na wanne wa nyoka wanaonitazama na panya mmoja mwenye mimba changa.