Kutengeneza Wimbo wa Dansi wa Kielektroniki wa Kumuenzi Gene Krupa

Gene Krupa (1909–1973), mpiga ngoma za jazi mzaliwa wa Chicago, alikwishaenziwa kwa muziki wa aina hii mwaka 1996, kundi la Apollo 440 la Uingereza lilipotoa wimbo wenye jina lake. Mwongozo huu ni wa prodyuza wa Unguja au Pemba mwenye kompyuta, maikrofoni moja na jozi ya ngoma za kidumbaki, hata ikiwa ni za kuazima.

Hatua ya 1. Sikiliza "Sing, Sing, Sing" aliyoipiga Krupa na bendi ya Benny Goodman mwaka 1937, ukifuatilia tomu (ngoma zenye mlio mzito katika seti ya dramu) peke yake. Usikate kipande cha rekodi hiyo ukakibandika kwenye kazi yako: ruhusa ni shughuli ndefu, na heshima yenyewe imo katika kupiga upya.

Hatua ya 2. Weka kasi ya mapigo 126 kwa dakika, besi dramu ikilia katika mapigo yote manne, kama Krupa mwenyewe alivyoikanyaga.

Hatua ya 3. Rekodi ngoma. Kuta za mawe za Mji Mkongwe hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo tundika mablanketi nyuma ya mpigaji, tandika zulia, weka maikrofoni umbali wa shibiri mbili kutoka kwenye ngozi, na upange kazi baina ya adhana na adhana. Mpigaji apige dakika tatu mfululizo, kwani kipande kifupi kinachorudiwa huchosha sikio upesi. Kisha nakili rekodi hiyo na ushushe nakala kwa nusutoni (hatua ndogo za sauti) tano hadi saba, upate uzito wa tomu. Ile ya asili ibaki juu, iwe inaijibu.

Hatua ya 4. Hai-hati (matoazi mawili yanayogongana) za kompyuta zimfuate mpigaji, si yeye azifuate. Kwa kasi hii kila noti ya moja ya kumi na sita, yaani robo ya pigo, hudumu milisekunde 119. Ukizichelewesha noti ya pili na ya nne za kila pigo kwa milisekunde 19 hivi, unapata swingi (mwendo wa kuyumba) ya asilimia 58, yaani noti ya kwanza ya kila jozi huchukua asilimia 58 ya muda wa jozi hiyo. Asilimia 66 ni jazi kamili, na kwa maoni yangu huwayumbisha wachezaji.

Hatua ya 5. Kata masafa ya ngoma yaliyo chini ya hezi 80, kuipisha besi dramu.

Hatua ya 6. Katikati ya wimbo, ondoa kinanda na besi, uziache ngoma peke yake kwa baa 16 (kila moja mapigo manne), yaani takriban sekunde 30. Kabla ya kuusambaza, sajili wimbo COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na jina la mpiga kidumbaki liandikwe kando ya lako.