Kugeuza FLAC, ALAC na WAV bila kupoteza hata biti moja

FLAC, ALAC na WAV ni fomati za mafaili ya sauti zinazohifadhi kila kitu; MP3 hukata sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Kabla hujaandika amri yoyote, jiulize faili ulilo nalo limetoka wapi. Kugeuza MP3 kuwa FLAC ni kumimina maji ya kikombe kwenye ndoo: ndoo kubwa, maji yale yale. Kilichokatwa MP3 ilipotengenezwa hakirudi. Ukiishuku FLAC uliyopewa, ifungue kwenye Spek, programu inayochora masafa ya sauti. Picha ya masafa ikikatika ghafla karibu na kilohezi 16, kama imenyolewa kwa wembe, huenda umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 1: Chagua fomati

Sauti yenyewe haitofautiani kati ya FLAC, ALAC na WAV. Kinachotofautiana ni ukubwa, lebo na vifaa vinavyozisoma. WAV ya ubora wa CD (hezi 44,100, yaani sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde, kila moja ya biti 16, stereo) hula takriban MB 10 kwa dakika. FLAC huishusha hadi karibu nusu, kutegemea muziki. Tena WAV haibebi vizuri jina la msanii wala picha ya jalada. Mimi huhifadhi kila kitu kwa FLAC, hutengeneza nakala za ALAC kwa ajili ya iPhone, na WAV naitoa pale tu programu ya kuhariri inapoidai.

Vile viwango vya FLAC vya 0 hadi 8 visikuumize kichwa. Vinabadilisha ukubwa wa faili na muda wa kulibana, basi. Acha 5.

Hatua ya 2: Geuza

Natumia ffmpeg, programu ya kugeuza sauti na video kwa amri za kuandika. Kutoka FLAC kwenda ALAC:

`ffmpeg -i wimbo.flac -c:a alac -c:v copy wimbo.m4a`

Hiyo `-c:v copy` ni ya picha ya jalada, ihamishwe kama ilivyo.

Hatua ya 3: Angalia biti kabla ya kutoa WAV

Hapa ndipo nilipoumia. Niligeuza folda nzima ya rekodi za biti 24 kuwa WAV kwa amri fupi, nikafuta FLAC zake kwa sababu diski ilikuwa imejaa. ffmpeg usipoiambia kitu hutoa WAV ya biti 16, kimya kimya, bila kukuonya. Biti nane za kila sampuli zikaenda na maji. Kwa hiyo kwanza uliza ffprobe, programu mwenza wa ffmpeg inayoonyesha sifa za faili:

`ffprobe wimbo.flac`

Ukiona `(24 bit)` kwenye mstari wa Audio, taja biti 24 mwenyewe, kwa `pcm_s24le`:

`ffmpeg -i wimbo.flac -c:a pcm_s24le wimbo.wav`

Hatua ya 4: Hakiki, ndipo ufute

Usiamini masikio, mimi mwenyewe siku ile sikusikia tofauti yoyote. Toa MD5 (msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na data) ya sauti ya kila faili:

`ffmpeg -i wimbo.flac -map 0:a -c:a pcm_s24le -f md5 -`

Rudia kwa faili jipya. Usiiache `pcm_s24le` hapa pia, la sivyo ffmpeg italinganisha biti 16 tu na kukupa jibu la kukufariji bure. Misimbo miwili ikilingana herufi kwa herufi, futa la zamani. Isipolingana, rudi kwenye ffprobe uangalie hezi na biti za mafaili yote mawili, na usifute chochote hadi ujue kilichobadilika.