Subjuntivo ya Kihispania kwa waongoza watalii: unayo tayari kinywani

Kihispania cha salamu hakisumbui. Ukishajua buenos días (habari za asubuhi), gracias (asante) na despacio (polepole), safari ya Entebbe hadi Buhoma inakwenda. Kazi inaanza asubuhi ya Bwindi, msitu wa gorila hapa Uganda, ukiwa umesimama mbele ya wageni wanane na una mambo ya kuwaambia: mvae barakoa, mzungumze polepole, msiguse kitu, tusiachane. Tazama vitenzi hivyo vinavyoishia: mvae, mzungumze, msiguse, tusiachane. Hiyo ndiyo hali ambayo Wahispania wanaiita subjuntivo. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinaizungusha kurasa nyingi kwa sababu Kiingereza chenyewe karibu kimeipoteza. Sisi tunaitumia tangu asubuhi. Anayejua Luganda anayo mara mbili: njagala ogende, nataka uende, quiero que vayas.

Hatua ya kwanza. Usianze na jina la kitenzi (hablar, comer, vivir), anza na "mimi" ya wakati uliopo: hablo (nasema), como (nakula), vivo (naishi). Ondoa ile o ya mwisho. Anayeanza na tener (kuwa na) atatoa "tena", ambayo ni Kiswahili. Ukianza na tengo unapata tenga bila shida, na kwa njia hiyohiyo hago inatoa haga, digo inatoa diga, salgo inatoa salga, conozco inatoa conozca. Vitenzi vingi vinavyoitwa vigumu vinaishia hapo.

Hatua ya pili. Geuza irabu. Vitenzi vya -ar vinachukua e, sawasawa na vyetu: anasema, aseme, habla, hable. Mtiririko wake ni hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Vitenzi vya -er na -ir vinakwenda kinyume, vinachukua a: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman, viva, vivas na kuendelea. "Mimi" na "yeye" zinafanana, kwa hiyo pakiwa na utata taja yo au usted.

Hatua ya tatu. Linda sauti. Tocar (kugusa) ikichukua e ingesomeka "toce", na c mbele ya e haitoi tena sauti ya k. Ndiyo maana tunaandika toque. Vivyo hivyo buscar ni busque, llegar ni llegue, pagar ni pague, na cruzar ni cruce. Ni tahajia tu, mdomo haubadiliki. No toquen nada, msiguse kitu, ni sentensi utakayoisema kuliko zote, basi ianze hiyo.

Kuna vinavyogeuka katikati: cerrar ni cierre lakini cerremos, poder ni pueda lakini podamos. Vya -ir vinabadilika hata kwenye "sisi": dormir ni duerma, durmamos; seguir ni siga, sigamos. Hivyo vitakuzoea taratibu. Sita vya kukariri kabisa ni hivi: ser (sea), estar (esté), ir (vaya), haber (haya), saber (sepa), dar (dé).

Hatua ya nne. Tumia pale Kiswahili kinapokuongoza. Ukitaka, ukiomba, ukisema ni lazima, au ukieleza lengo, weka que kisha subjuntivo. Quiero que se pongan la mascarilla. Les pido que hablen en voz baja. Es necesario que guarden la distancia (ni lazima mkae mbali). Vamos despacio para que nadie se caiga. Fikiria "nataka mvae", "nawaomba mzungumze", "ili mtu asianguke", na Kihispania kinajipanga chenyewe. Hata kukataza kunafuata njia yetu: tunasema "sema" lakini "usiseme", nao wanasema habla lakini no hables.

Mtego mmoja hapa. Mitaani tunasema "nataka niende" bila kusita. Kihispania hakikubali kama mtu ni yuleyule. Quiero ir, basi. Que inaingia pale anayetaka na anayetenda ni watu wawili.

Hatua ya tano. Hapa Kiswahili kinakuacha, na ndipo wengi wanapoteleza. Sisi tunasema "natumaini tutawaona", kwa wakati ujao. Wao wanasema espero que los veamos. Tunasema "sidhani kama itanyesha". Wao, no creo que llueva. Lakini ukiamini, subjuntivo inaondoka: creo que va a llover. Tunasema "nafurahi kwamba mko hapa". Wao, me alegro de que estén aquí, ingawa ni kweli wako hapo mbele yako. Hiyo inawashangaza wanafunzi, kwa sababu walifundishwa kwamba subjuntivo ni ya mambo yasiyo na uhakika tu. Hisia nayo inaidai.

Na kuna cuando (wakati). Kwa hili nina kipimo ninachokiamini kuliko maelezo ya vitabu: kama Kiswahili kingekuwa na -takapo-, weka subjuntivo. Mtakapomwona dume mwenye mgongo wa fedha, msikimbie: cuando vean al espalda plateada, no corran. Kama ni mazoea, "inaponyesha njia huharibika", acha kitenzi cha kawaida: cuando llueve, el camino se pone malo.

Ojalá, neno la kutamani jambo litokee, nayo haina nafasi ya mjadala, subjuntivo kila mara: ojalá no llueva, natamani isinyeshe. Asili yake ni Kiarabu cha Andalusia na ina jina la Mungu ndani yake, kwa hiyo wanaosema inshallah hawatashindwa kuikumbuka.

Maswali ya wanachama

Dereva, Kasese: Mwalimu, wageni wangu wa Madrid wanasema habléis, wa Mexico wanasema hablen. Nimfuate nani?
Jibu: Sema hablen, kaka. Kwa "ninyi", Wahispania wanatumia vosotros (habléis) kwa watu waliozoeana na ustedes (hablen) kwa heshima. Amerika ya Kihispania ni ustedes kwa wote. Ukitumia ustedes hakuna utakayemkosea. Habléis uielewe tu masikioni.

Mwanafunzi, Mbarara: Nataka kuwaambia mwenye kikohozi aseme mapema, asije akawaambukiza gorila. Niliandika "si alguien tenga tos" (kama mtu ana kikohozi), nikaambiwa hapana. Si jambo lisilo na uhakika?
Jibu: Ni lisilo na uhakika kweli, lakini neno la Kihispania si (kama) haipokei subjuntivo ya wakati uliopo kwa maana hiyo. Sema: si alguien tiene tos, es mejor que me lo diga ahora. Ona, mwisho wa sentensi yako umeipata diga uliyoitaka.

Dada wa boti, Jinja: "Twende" ni vayamos?
Jibu: Kanuni inasema hivyo, watu wanasema vamos. Kukataza ndiko kunakorudi kwenye kanuni: no vayamos por ahí, tusipite huko.

Mpishi wa kambi, Kisoro: Wageni wakikaa mezani wanaambiana que aproveche (mle vizuri). Mbona inaanza na que peke yake, "nataka" iko wapi?
Jibu: Imemezwa. Hata sisi hatusemi "natamani mfike salama", tunasema "mfike salama" na inatosha. Nao: que lleguen bien. Ukiwaaga kwa que tengan buen viaje (muwe na safari njema) watageuka wakutazame mara ya pili.

Dereva, Kasese (tena): Na aunque? Nimeisikia na llueve, nimeisikia na llueva, mtu yuleyule, siku ileile.
Jibu: Alikuwa sahihi mara zote mbili. Aunque llueve, vamos: ijapokuwa inanyesha, tunakwenda, maji yako kwenye kofia. Aunque llueva, vamos: hata ikinyesha, tutakwenda, wala hatujui kama itanyesha. Kwa Bwindi utazihitaji zote kabla ya saa sita mchana.