Namna ya kupata hati ya kimila ya shamba lako, kuanzia sebuleni hadi masjala

Nikifika kijiji kipya, haipiti siku ya kwanza kabla sijafuatwa na mzee mwenye mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mna karatasi iliyokunjwa mara nane: mauziano ya shamba, yameandikwa kwa mkono, mashahidi wawili, mmoja ameshatangulia mbele ya haki. Tukishasalimiana ananiambia, "Mwanangu, mimi hati ninayo." Namjibu, "Itunze sana mzee, tutaihitaji. Lakini hati bado."

Ile karatasi inathibitisha kwamba alinunua. Hati ya hakimiliki ya kimila ni kitu kingine. Inatolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, na kisheria hadhi yake ni sawa na hati ya mwenye kiwanja mjini. Kwa mwanakijiji ina uzuri mmoja zaidi: haina ukomo. Mwenzako wa mjini hupewa miaka 33, 66 au 99.

Jambo jingine kabla hatujaanza. Asiye na hati si mvamizi. Haki ya kimila inatambuliwa hata isipoandikwa popote, kwa hiyo akija mtu na gari kubwa kukwambia "huna karatasi, hama," asikubabaishe. Hati inakupunguzia kazi ya kuthibitisha, basi.

Utaratibu ninaoueleza ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao. Mimi nimeufanyia kazi zaidi vijiji vya Iringa na Morogoro, nikipima mashamba, nikizunguka na kishikwambi na GPS ya mkononi, kile kifaa kinachosoma mahali kwa setilaiti.

Hatua ya 1: Kiulize kijiji kabla hujajiuliza wewe

Nenda ofisi ya kijiji, muombe Mtendaji akuonyeshe Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Wengi watakutolea cheti cha kuandikishwa kijiji, tena kwa kujiamini kabisa. Hivyo ni vyeti viwili tofauti. Cha kuandikishwa kinasema kijiji kipo. Cha ardhi kinasema mipaka ya kijiji inaishia wapi, na kwamba Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Kama hicho cha pili hakipo, maombi yako yatalala kwenye droo mpaka mchwa wayapate.

Uliza pia kama kuna masjala ya ardhi ya kijiji. Usitegemee jengo la kifahari. Chumba kinachofungwa, kabati la chuma lenye kufuli na daftari la kusajili vinaanza kazi. Vikikosekana, peleka hoja kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hoja ikitolewa na watu kumi inaandikwa kwenye muhtasari. Ya mtu mmoja kunong'ona na Mwenyekiti haiandikwi.

Hatua ya 2: Tazama shamba lako limeangukia wapi kwenye mpango

Vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, vina ramani yenye rangi: makazi, kilimo, malisho, msitu wa kijiji, vyanzo vya maji. Tafuta shamba lako pale. Likiwa ndani ya eneo la malisho au msitu, ongea na halmashauri sasa hivi, usisubiri siku ya kupimwa.

Wenye vinyungu, zile bustani za bondeni, kando ya mto hawalipendi hili, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Mimi naanzia kupima nje ya mita hizo. Nimelaumiwa sana kwa hilo, na chakula cha mchana nimenyimwa.

Wafugaji, ninyi msikimbilie kugawana malisho vipande vipande. Ng'ombe hali ekari tatu. Ombeni hati ya kundi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu walipata yao mwaka 2011 wakisaidiwa na Ujamaa Community Resource Team, na kule Kiteto vijiji vimeunganisha malisho yao chini ya jina la OLENGAPA, lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe, ili mifugo ivuke mipaka ya vijiji bila ugomvi.

Hatua ya 3: Kaeni kikao cha familia, muamue majina

Hapa ndipo ninapopotezea muda mwingi, na sijutii.

Baba ananiambia, "Andika mimi tu, mke wangu yumo ndani yangu." Namuuliza, "Na kitambulisho chake nacho kimo ndani yako?" Watu wanacheka, lakini swali linabaki pale pale: nani analima shamba hili, na baba akiondoka leo, nani atalala humo? Sheria ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo ni batili. Haisemi "mila iangaliwe". Inasema batili.

Mkiwa mume na mke, chagueni namna ya kumiliki. Kwenye umiliki wa pamoja, mmoja akifariki, shamba linabaki kwa aliye hai. Kwenye umiliki wa hisa, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi yake. Familia changa nyingi huchagua ya kwanza. Mjane aliyeolewa tena, mwenye watoto wa ndoa ya kwanza, namshauri afikirie ya pili. Mwenye wake wawili, kila mke akiwa na shamba analolima, namwambia tupime kila shamba peke yake na kila mke aandikwe kwenye lile la kwake. Kuwatia wote kwenye karatasi moja ni kuwaachia watoto kesi.

Shamba la urithi ambalo halijagawanywa lisiandikwe kwa jina la kaka mkubwa eti "kwa niaba ya wengine". Hayo "kwa niaba" hayaonekani kwenye hati. Ama muende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo mteue msimamizi wa mirathi, ama muandikwe wote. Na aliyekodi au kuazima shamba haombi hati ya shamba hilo, hata kama amelilima miaka kumi.

Mwisho wa kikao, linganisheni majina. Kwenye mauziano umeandikwa jina la nyumbani, kwenye kitambulisho cha NIDA jina la shule. Tafuta hati ya kiapo mapema.

Hatua ya 4: Jaza fomu

Ni fupi. Majina, mahali shamba lilipo, ulilipataje, unalitumiaje, picha ndogo za waombaji wote. Ambatisha nakala ya mauziano au muhtasari wa urithi. Ada hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine. Ulipe yenye stakabadhi tu. Bakiza nakala yenye tarehe ya kupokelewa, kwa sababu Halmashauri ya Kijiji ina siku 90 za kuamua, na siku hizo hazihesabiki bila tarehe.

Hatua ya 5: Siku ya kupita mpaka

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

GPS ya mkononi au simu hukosea mita tatu, tano, wakati mwingine zaidi. Kwenye vishamba vya nusu ekari hizo ni mistari kadhaa ya mahindi. Kwa hiyo mpaka wako wa kweli ni ule ambao jirani amesimama akasema "ndiyo, ni hapa", mbele ya kamati ya uhakiki ya kijiji. Kamati hiyo haizidi wajumbe tisa, na wanawake wasipungue wanne. Hesabu wanawake. Wakiwa wawili tu, omba siku nyingine.

Wiki moja kabla, pita kwa majirani wote wanaopakana nawe, uso kwa uso. Ujumbe wa simu hautoshi, na mtoto wa jirani si jirani. Fyeka mpaka. Kwenye kona panda kitu kisichokufa kirahisi: minyaa, mkonge, au masale kama wafanyavyo Wachaga.

Siku yenyewe anzeni asubuhi, jua halijachoma hasira za watu. Mwenye shamba atangulie, jirani wa upande huo atembee naye bega kwa bega, kamati ifuate. Kwenye kila kona simameni. Mpimaji asubiri kifaa kitulie ndipo achukue nukta, na kona ikiwa chini ya mwembe mkubwa asogee pembeni pawe wazi, kisha apime kwa futi ya kamba umbali wa kurudi kwenye kona. Mkimuona mpimaji anachukua nukta huku anatembea, msimamisheni. Hajui kazi au ana haraka ya basi.

Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na ajabu yake ni kwamba hatua ya mtu mzima ikikaribia yadi, hesabu hiyo inakaribiana sana na ekari ya vitabuni. Shida ni miguu ya nani. Mzee mrefu aliyeuza na bibi mfupi aliyenunua hawatapata ekari ileile. Kifaa kikisema una ekari 2 na robo wakati miaka yote umesema 3, usimkasirikie mpimaji; tazama kwanza kama mipaka iko pale pale. Hati huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni takriban ekari 2.47.

Njia nazo zisemwe siku hiyo hiyo: njia ya kisimani, mapito ya ng'ombe, kichochoro cha watoto wa shule. Ziandikwe. Mtu akishapata hati kitu cha kwanza anachofanya ni kuzungushia miiba.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipima shamba jirani mmoja akiwa hayupo. Mwenye shamba aliniapia hakuna tatizo, nami mvua ilikuwa inakuja. Yule jirani alikuwa mama mjane aliyekwenda msibani. Aliporudi akakuta kona imesogea mpaka kwenye migomba yake, na safari hii kosa lilikuwa na nukta za setilaiti. Tulirudia upimaji wote. Tangu siku hiyo jirani asipokuwepo naandika "hakupimwa", naondoka. Vivyo hivyo pakiwa na ubishi: sipimi, wala sikati katikati ili watu waridhike. Mstari wa kukata katikati humnufaisha aliyesogeza mpaka usiku.

Hatua ya 6: Ramani zikibandikwa, nenda ukasome

Baada ya upimaji, orodha na ramani hubandikwa ofisini au penye mti wa mikutano kwa siku zinazotangazwa. Nenda na miwani. Kagua tahajia ya majina, hasa la mke, maana mara nyingi linaandikwa "Mama Fulani". Kagua majirani wanne na ukubwa. Hapa kurekebisha ni kufuta na kalamu. Hati ikishatoka inakuwa safari za wilayani.

Hatua ya 7: Pakiwa na mgogoro

Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu wanawake. Linasuluhisha, halihukumu. Ikishindikana, Baraza la Kata. Hapa watu wengi wako nyuma: tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata nalo ni la usuluhishi tu, haliwezi tena kukutangaza mshindi. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayekutoza pesa ili "ushinde kwenye kata" anakuuzia kitu asichonacho.

Hatua ya 8: Saini na dole gumba

Halmashauri ikiridhia, hati inaandaliwa nakala tatu: yako, ya masjala ya kijiji, ya masjala ya wilaya. Wanasaini Mwenyekiti na Mtendaji wa kijiji, wanasaini au kuweka dole gumba wamiliki wote, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya anasaini, anagonga muhuri na kusajili. Kabla ya hapo hiyo ni karatasi nzuri tu. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wa kwake, si na mpimaji.

Hatua ya 9: Nyumbani

Usiifiche darini wala chini ya godoro. Weka kwenye bahasha ndani ya sanduku la bati, na nakala ya picha kwa mtoto anayeishi mbali. Usimpe mkopeshaji wa mtaani "aishike kidogo". Ukiuza, au mwenye hati akifariki, nenda masjala mabadiliko yaandikwe. Nimeona vijiji ambavyo nusu ya hati zina majina ya marehemu.

Na Mtendaji akipata uhamisho, kabla hajakabidhi ofisi, chukua hati yako uende uone kama nakala ya kabatini bado ipo.